Mashamba ya mijini yanayowapa wakimbizi ajira Marekani

Katika mji wa Cleveland, jimbo la Ohio, kaskazini mwa Marekani, kuna shamba la mboga la ekari zipatazo sita, si mbali na kitovu cha mji. Upande mmja limepakana na jengo refu la nyumba za umma. Upande wa pili, ng'ambo ya bonde la mto Cuyahoga, yanaonekana maghorofa ya benki na ofisi. Wengi wa wanaolilima hawakuzaliwa Marekani. Ni wakimbizi waliotoka nchi kama Burma, Bhutan, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo.

Shamba hilo, linalojulikana kama Ohio City Farm, lilianzishwa mwaka 2010. Shirika la The Refugee Response, linalowasaidia wakimbizi mjini Cleveland, huwaajiri hapo watu waliofika Marekani karibuni, huwalipa mshahara na kuwafundisha Kiingereza pamoja na kazi ya kilimo cha biashara.

Mashamba ya namna hii yameenea katika miji mingi ya Marekani tangu miaka ya 2000. Mengi yalianza na jembe, mbegu na kipande cha ardhi ya kuazima. Lakini kadiri miaka ilivyopita, waendeshaji wake wamejikuta wakitafuta fedha za mambo ambayo mkulima wa Kigoma au Kivu hangeyafikiria kwanza: vitalu nyumba, vyumba vya baridi, sehemu za kuoshea mboga, majiko na vyumba vya madarasa. Bila majengo hayo shamba linaweza kumpa mkimbizi kibarua cha msimu mmoja tu. Yakiwepo, linaweza kumpa ajira ya mwaka mzima.

Mji uliobaki na nafasi

Haikuwa ajabu kwamba shamba kubwa namna hiyo lilipatikana Cleveland. Mji huo ulijengwa na viwanda vya chuma, na mwaka 1950 ulikuwa na watu 914,808. Viwanda vilipofungwa na wakazi kuhama, idadi hiyo ilishuka mpaka 372,624 katika sensa ya mwaka 2020. Msukosuko wa mikopo ya nyumba wa mwaka 2008 uliongeza pigo. Maelfu ya nyumba zilihamwa, nyingi zikabomolewa, na viwanja vikabaki wazi.

Badala ya kuviacha viwanja hivyo viote magugu, wakuu wa mji walibadilisha sheria. Mwaka 2007 Cleveland ilianzisha utaratibu wa kutenga maeneo ya bustani ndani ya mji. Mwaka 2009 wakazi waliruhusiwa kufuga kuku na nyuki, na mwaka 2010 kilimo kikaruhusiwa katika mitaa ya makazi. Ardhi ya Ohio City Farm ni mali ya mamlaka ya nyumba za umma ya kaunti ya Cuyahoga. Jumuiya ya mtaa, The Refugee Response na kampuni ya bia ya Great Lakes Brewing, ambayo ina mkahawa wake karibu na hapo, zilishirikiana kuigeuza kuwa shamba. Umbali mfupi kutoka shambani lipo soko la West Side Market, lililofunguliwa mwaka 1912.

Mahali hapo pana maana kubwa katika biashara ya mboga. Saladi iliyochumwa alfajiri inaweza kuwa mezani mwa mgahawa adhuhuri ya siku hiyo hiyo, na mkulima asiye na gari anaweza kufika kazini kwa basi.

Mshahara kwanza

Mkimbizi anayepokelewa rasmi nchini Marekani ana haki ya kufanya kazi tangu siku anayowasili. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1980 iliwekwa kwa nia ya kumfanya ajitegemee upesi. Mashirika ya mapokezi humtafutia nyumba, humwandikisha mtoto shule na kumsaidia kupata vitambulisho, lakini msaada huo wa awali huhesabiwa kwa siku 90. Nauli ya ndege nayo ni deni. Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, IOM, humkopesha bila riba, na malipo huanza miezi sita baada ya kufika.

Kwa hiyo mtu aliyekaa miaka 15 kambini, asiyejua Kiingereza, hutakiwa kulipa kodi ya nyumba, umeme na deni la ndege katika muda wa miezi michache. Wengi huingia katika viwanda vya nyama, mahoteli au maghala, ambako kazi hufanywa kwa kasi na hakuna nafasi ya kujifunza lugha. Wazee, akina mama wenye watoto wadogo na wasiowahi kusoma ndio hubaki nyuma.

Shamba la mafunzo hutoa njia nyingine. Mfanyakazi hulipwa kwa saa kama mtu yeyote, na malipo hayo hayawezi kuwa chini ya kima cha chini cha sheria, ambacho katika jimbo la Ohio kilikuwa dola 10.70 kwa saa mwaka 2025. Juu ya hayo hupata masomo ya Kiingereza, na maneno anayofundishwa ni yale anayoyahitaji siku hiyo: kupima, kufunga, kuhesabu, bei, muda, hatari. Anapoondoka anakuwa na rekodi ya kazi na mtu wa kumdhamini kwa mwajiri mwingine, na katika nchi ambako kila mwajiri huuliza ulifanya kazi wapi kabla, mambo hayo mawili ni mtaji.

Haifai hata hivyo kudhani kwamba kila mkimbizi ni mkulima. Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972, ambao zaidi ya 8,000 kati yao walichukuliwa na Marekani kutoka kambi za Tanzania kuanzia mwaka 2007, wengi walikuwa wamelima maisha yao yote. Lakini watoto wao waliozaliwa kambini walikua katika mazingira ambamo kutoka nje ya eneo lililowekwa kulihitaji kibali, na chakula kilitoka katika mgawo wa Umoja wa Mataifa. Vivyo hivyo, miongoni mwa Wakongo wamo walimu, mafundi cherehani na wafanyabiashara wa Bukavu na Uvira ambao jembe walilishika mara chache. Kwa hao, shamba ni daraja la kwenda katika kazi nyingine.

Baridi inapokata mshahara

Tatizo kubwa la shamba la Cleveland ni kalenda. Huko baridi kali yenye kuua mimea laini huweza kuendelea mpaka katikati ya mwezi Mei, na hurudi mwezi Oktoba. Katikati yake ndipo penye nyanya, bamia, mahindi na pilipili. Majira ya baridi yanapoingia, pepo zinazopita juu ya ziwa Erie huleta theluji nyingi, na ardhi huganda.

Mtu aliyezoea vuli na masika za Afrika Mashariki huielewa haraka habari ya baridi, lakini kuna jambo la pili linalomshangaza zaidi, nalo ni mwanga. Karibu na Ikweta, mchana na usiku hulingana kwa takriban saa 12 mwaka mzima. Cleveland, kuanzia mapema mwezi Novemba hadi mapema Februari, mchana huwa chini ya saa 10. Katika kipindi hicho mimea mingi, hata ikikingwa na baridi, karibu husimama kukua.

Athari yake kwa mshahara ni ya moja kwa moja. Shamba lisilo na paa lina kazi ya miezi sita au saba. Mfanyakazi akiachishwa mwezi Novemba, kodi ya nyumba haiachi kudaiwa. Hulazimika kutafuta kazi nyingine katikati ya baridi, na akiipata harudi tena masika. Shamba hupoteza mtu liliyemfundisha, na mwaka unaofuata huanza upya na wasiojua.

Kila jengo na kazi yake

Ndiyo maana kupanua shamba la mjini mara nyingi si kuongeza ekari, kwa kuwa ardhi yenyewe haipo. Ni kuongeza majengo, na kila moja hurefusha msimu au huongeza thamani ya mazao kwa namna yake.

La kwanza na la bei nafuu ni kitalu nyumba cha mabomba yaliyokunjwa kama upinde na kufunikwa plastiki, bila moto wala umeme. Ohio City Farm ina vitalu vya aina hii. Joto la jua hubaki ndani, upepo huzuiwa, na msimu hurefuka kwa wiki kadhaa mwanzoni na mwishoni. Mboga zinazostahimili baridi, kama spinachi na sukuma wiki, hupandwa mwisho wa kiangazi ili zikomae kabla ya mwanga kupungua. Baada ya hapo kitalu hugeuka kuwa ghala lenye mimea hai, ambamo wafanyakazi huchuma kidogo kidogo wakati wa theluji. Sukuma wiki iliyopigwa na baridi huwa tamu zaidi, kwa sababu mmea huongeza sukari katika majani yake ili usigande.

La pili ni kitalu nyumba chenye joto la kupashwa, ambacho ni ghali kukiendesha. Humo miche ya nyanya na pilipili huoteshwa mwezi Machi, wakati nje bado kuna barafu. Shamba lenye kitalu hicho huwa na kazi miezi miwili kabla ya jirani yake, na linaweza kuuza miche kwa wenye bustani za majumbani.

La tatu ni sehemu ya kuoshea na kufungashia, pamoja na chumba cha baridi. Mboga ya majani huchumwa ikiwa na joto la shambani, na isipopozwa mapema hunyauka ndani ya siku moja. Chumba cha baridi humwezesha mkulima kuchuma Jumatatu na kuuza Alhamisi. Migahawa na shule hutaka mboga iliyooshwa kwa maji salama na kuhifadhiwa ipasavyo. Bila hayo, shamba hubaki kuuza kando ya barabara.

La nne ni jiko lenye kibali. Nyanya zilizopasuka haziuziki sokoni, lakini zinaweza kuwa mchuzi wa chupa. Pilipili hukaushwa, tango huwekwa katika siki. Kazi hiyo hufanyika ndani, wakati wa baridi, na huwafaa wale ambao migongo yao haiwezi tena kuinama mchana kutwa.

La mwisho, ambalo wafadhili hulisahau, ni chumba cha darasa chenye joto, choo na mahali pa mtoto kukaa. Mama asiye na pa kumwacha mtoto hana ajira, hata kama kitalu kipo tayari.

Mchicha uliodhaniwa magugu

Upande wa soko, wakimbizi wenyewe wamebadilisha kinachopandwa. Wanunuzi wa Kimarekani wanataka saladi, nyanya na maua. Jamii za wageni zinatafuta ladha ya nyumbani: mchicha, ambao Warundi na Wakongo huuita lengalenga, majani ya maboga, nyanya chungu, bamia na mahindi meupe ya ugali.

Kisa cha mchicha ni cha pekee. Wakulima wa Marekani hutumia fedha nyingi kupambana na mimea ya jamii ya mchicha, ambayo huota yenyewe katika mashamba ya soya na mahindi na kwao ni magugu sugu. Mkimbizi anayeona jirani akiung'oa na kuutupa hudhani ni mzaha. Zipo aina zilizozoeleka Afrika ambazo hustawi vizuri katika joto la Julai, wakati saladi inaanza kutoa maua na kuwa chungu, na hivyo huziba pengo la katikati ya kiangazi. Kisamvu, au sombe kama wanavyosema Wakongo, hakiwezekani, kwa kuwa muhogo hautapona majira ya baridi ya Ohio. Anayekitamani hununua kilichogandishwa kutoka nje.

Mauzo yenyewe hufanyika kwa njia kadhaa. Iliyo muhimu kwa shamba changa ni ile ya kapu la wiki: mteja hulipa mwanzoni mwa msimu, kisha hupokea mboga kila wiki. Fedha huingia wakati wa kununua mbegu, kabla ya mavuno, na hatari ya mvua ya mawe hubebwa na wengi badala ya mkulima mmoja.

Houston na San Diego

Si kila mji unafuata njia ya Cleveland. Mjini Houston, Texas, shirika la Plant It Forward, lililoanzishwa mwaka 2011, limewafundisha wakimbizi, wengi wao Wakongo, kisha kuwapa vipande vya ardhi ndani ya mji wavilime kama biashara yao wenyewe. Huko hakuna mshahara wa saa. Mkulima hula alichouza. Hali ya hewa humsaidia, kwa kuwa Houston huweza kulima wakati wa baridi, na kipindi kigumu ni joto la katikati ya kiangazi.

Mjini San Diego, California, Wabantu wa Somalia walikuwa miongoni mwa waliodai ardhi ya kulima katika mtaa wa City Heights. Mababu wa watu hao walichukuliwa utumwani katika karne ya 19 kutoka sehemu ambazo leo ni Tanzania, Msumbiji na Malawi, na baadhi yao bado huzungumza Kizigula. Baada ya vita vya mwaka 1991 walikimbilia Kenya, na kuanzia mwaka 2003 Marekani ikawapokea wapatao 12,000. Shamba la New Roots, lililoanzishwa kwa msaada wa shirika la International Rescue Committee, lilipata umaarufu mwezi Aprili mwaka 2010 lilipotembelewa na mke wa rais wa wakati huo, Michelle Obama. Lakini kabla ya mbegu ya kwanza kupandwa, vibali vya mji viligharimu makumi ya maelfu ya dola. Ilibidi wanaharakati waendelee kudai mpaka kanuni za San Diego kuhusu bustani za jamii zikalegezwa mwaka 2011.

Tofauti ya njia hizi mbili ni nani anabeba hasara. Mshahara humlinda mfanyakazi mgeni, lakini hulitegemeza shamba kwa wafadhili, maana mauzo ya mboga peke yake ni nadra kulipia mafunzo. Biashara binafsi humpa mkulima uhuru, lakini ukame au ugonjwa wa mtoto huweza kumfilisi katika mwezi mmoja.

Udongo usioaminika

Hata palipo na ardhi na fedha, kilimo cha mjini kina hatari zake. Rangi za zamani za nyumba na petroli ya miaka iliyopita viliacha madini ya risasi katika udongo wa miji ya viwanda. Madini hayo hudhuru ubongo wa mtoto. Kwa hiyo udongo hupimwa kwanza, na mara nyingi matuta huinuliwa na kujazwa mboji kutoka nje.

Aidha ardhi nyingi ni ya kuazima. Mtaa ukianza kupendeza, thamani ya kiwanja hupanda, na mwenye mali huweza kuona faida zaidi katika nyumba za kupangisha. Ni vigumu kujenga chumba cha baridi cha thamani kubwa juu ya ardhi ambayo mkataba wake unaweza kuisha. Hii ndiyo sababu mashamba yanayopanua majengo hudai kwanza mikataba ya miaka mingi.

Milango iliyofungwa mwaka 2025

Katika mwaka wa fedha wa 2024 Marekani ilipokea wakimbizi zaidi ya 100,000, idadi kubwa kuliko katika kipindi cha takriban miaka 30, na karibu 20,000 kati yao walitoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, nchi iliyoongoza. Mwezi Januari mwaka 2025 Rais Donald Trump alisimamisha mpango huo. Familia zilizokwisha kukubaliwa, baadhi zikiwa na tarehe za ndege, zilibaki kambini. Kwa mwaka wa fedha wa 2026 kikomo kiliwekwa kuwa watu 7,500, kiwango cha chini kabisa tangu sheria ya mwaka 1980, na nafasi nyingi zikatengewa Waafrikana wa Afrika Kusini.

Waliokwisha kufika nao waliguswa. Msaada wa fedha wa serikali kuu kwa wakimbizi wasio na watoto ulipunguzwa mwezi Mei mwaka 2025 kutoka miezi 12 hadi minne. Sheria iliyotiwa saini tarehe 4 Julai mwaka huo iliwaondoa wakimbizi katika msaada wa kadi za chakula mpaka wapate ukaazi wa kudumu. Mwezi Machi, wizara ya kilimo ilikuwa imefuta mipango ya kuzisaidia shule na maghala ya chakula kununua kutoka kwa wakulima wa karibu, mipango ambayo ingegharimu takriban dola bilioni moja.

Hatua hizo zinayapiga mashamba haya pande zote mbili. Wateja wenye kipato kidogo, waliokuwa wakinunua mboga kwa kadi za chakula, wamepungukiwa. Na mfanyakazi ambaye zamani angeweza kuvumilia msimu wa baridi kwa msaada wa serikali sasa hana pa kuegemea.

Wapo wanaouliza kuna haja gani ya kuendelea kujenga, ikiwa wakimbizi wapya hawaji. Jibu lipo katika hesabu ya miaka. Mkimbizi huruhusiwa kuomba ukaazi wa kudumu baada ya mwaka mmoja, na uraia baada ya miaka mitano. Maelfu waliofika mwaka 2023 na 2024 bado wamo katika kipindi hicho, wakilipa madeni ya ndege, wakijifunza lugha na kutuma chochote wanachopata kwa ndugu waliokwama Nyarugusu, Kakuma au Nakivale. Kwao, kazi isiyokatika mwezi Novemba ina uzito kuliko wakati wowote.

Mashamba haya hayawezi kuajiri maelfu, wala hayakukusudiwa kufanya hivyo. Kipimo chake ni kidogo na rahisi kukiona: kama theluji ikiwa imefunika Cleveland mwezi Januari, bado kuna mtu ndani ya kitalu anayechuma sukuma wiki, na mwisho wa wiki anapokea mshahara.